Mizunguko Miwili ya Mzee Wambua

Ufunguo wa karakana nimemwachia Achieng. Ule mdogo wa kabati la waya mnajua unakokaa. Mashine ya kusukia ikianza kulia kama paka, tatizo ni mkanda, si bearingi. Msiite mtu wa nje aje kuwadanganya. Hayo ndiyo maagizo yangu. Anayetaka hayo tu anaweza kuishia hapa, maana yaliyobaki ni marefu na mimi nimechoka.

Profesa ndiye aliyeniambia niandike. Alisema wanaokuja watataka kujua ile koili ya kupimia joto ilitengenezwaje, na kwamba mchoro hausemi kila kitu. Hapo alisema kweli. Mchoro nimeuona. Umechorwa vizuri sana, na hakuna mahali panapoonyesha mkono wangu.

Mimi niliishia darasa la sita. Lakini nitalisema mwenyewe, kwa kuwa sioni wa kulisema kwa niaba yangu: katika jengo lile lote la watu wenye shahada tatu tatu, hakuna mwingine aliyeweza kulaza waya mwembamba kama unywele, mzunguko kando ya mzunguko, bila mmoja kupanda mgongo wa mwenzake. Walijaribu. Nilikaa pale na chai yangu nikiwatazama wakijaribu. Chai iliisha, nikaongeza nyingine.

Nilianzia soko la Gikomba, na sikuanza na waya. Nilianza na mgongo. Nilifika Nairobi kutoka Magharibi nikabeba marobota ya mitumba kama wengine, mpaka siku nilipopewa mota ya kinu niitoe Industrial Area niilete kwa fundi aliyekuwa na kibanda nyuma ya maseremala. Mota ile ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Niliifikisha bila kuitua hata mara moja, kwa sababu niliambiwa nisiitue. Yule fundi akanizunguka akinitazama kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hujapumzika njiani?"

"Si mlisema nisiitue?"

"Walisema. Hakuna anayesikia." Akaondoa kifuniko cha mota. "Njoo unuse."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya vanishi iliyoungua, chungu, ambayo ikishakaa puani haitoki. Mpaka leo nikiisikia shingo inasimama.

"Hiyo," akasema, "ni harufu ya fundi mwongo. Alipunguza waya akauza uliobaki. Kesho uje saa moja."

Huyo ndiye Mzee Wambua, Mkamba wa Makongeni, aliyekuwa fundi umeme wa reli mpaka alipostaafu na kufungua kibanda. Hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kuvua waya ulioungua, kukata karatasi ya manjano inayozuia waya usiguse chuma, kuhesabu mizunguko, kupaka vanishi na kuikausha juu ya jiko la makaa bila kuiunguza. Alinifundisha kuweka mgongo wa mkono kwenye mota inayozunguka na kujua joto lake, kwa sababu kiganja cha mtu wa kazi ni kigumu na hudanganya. Na siku niliyomaliza mota yangu ya kwanza alinifundisha jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote.

"Sitini," nilimwambia, nikiwa nimeshika mwisho wa waya.

"Ongeza miwili."

"Ya nini, Mzee?"

"Ya kufungia. Mizunguko ikipungua, mota inakula umeme mpaka inaungua. Ikizidi kidogo, inakaa baridi. Wewe unataka ipi?"

"Baridi."

"Basi usiniulize tena."

Sikuuliza tena. Kila kazi niliyoimaliza tangu siku ile, ya kinu, ya pampu, ya cherehani, niliifunga kwa miwili. Mkono ulifanya wenyewe. Na mota zangu hazikurudi. Nendeni Industrial Area, muwaulize walinzi wa lango lolote fundi ambaye mota zake hazirudi ni nani. Watawatajia Barasa. Wengine watasema Barasa ni mtu wa kujisifu. Nao pia wako sawa.

Ni mota iliyonipeleka kwa Profesa. Mashine yao moja ya maabara, ile inayozungusha vichupa vya damu kwa kasi, iliungua ikaletwa kwangu na dereva. Ilirudi kwao ikiwa kimya kuliko ilivyokuwa mpya. Wiki hiyohiyo Profesa akaja mwenyewe Gikomba, amevaa viatu ambavyo havikufaa matope yale, akiuliza nani aliyeisuka. Nilidhani amekuja kulalamika, nikajiandaa kwa vita.

"Unaweza kusuka koili ambayo haina chuma ndani?" akaniuliza.

"Koili bila chuma itazungusha nini?"

"Haitazungusha kitu. Itasikiliza."

Nilimwona mtu aliyesoma akapitiliza. Lakini nilikwenda. Siku ya kwanza walinivalisha koti jeupe ambalo mikono yake iliishia hapa kwenye viwiko, wakanikalisha kwenye stuli, na Achieng akapewa kazi ya kunieleza. Achieng ni mhandisi, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda, amezaliwa na kulelewa kando ya Jogoo Road. Aliponisalimia "Niaje, Fundi" badala ya "Shikamoo" nilijua tutaelewana, au tutapigana.

Nawaeleza ninyi kama alivyonieleza, kisha kama nilivyoelewa mwenyewe, kwa sababu mara nyingine ni vitu viwili tofauti.

Kuna uvimbe wa saratani ambao unaweza kudhoofishwa kwa joto. Joto lenyewe si kubwa, kupita la homa kali kidogo tu. Likipungua, uvimbe hausikii. Likizidi, unachoma nyama nzima iliyo jirani. Kwa hiyo kazi nzima iko kwenye kujua joto la ndani, pale mkono haufiki. Unaweza kuchomeka kipimajoto chembamba cha uzi wa kioo, lakini uzi unajua habari za pale ulipolala tu, na nyama inatobolewa. Hapo ndipo zinapoingia chembechembe za sumaku. Ni za chuma, ndogo kiasi kwamba ukizitia kwenye maji unaona maji meusi tu. Zinadungwa ndani ya uvimbe. Koili moja kubwa ya bomba la shaba inazitikisa kwa kasi mpaka zinatoa joto. Kisha koili ndogo, ile yangu, inasikiliza jinsi zinavyoitika.

"Zinaitika vipi?" nilimuuliza Achieng.

"Zikiwa baridi zinageuka pamoja, sauti inakuwa na nguvu. Zikipata joto zinaanza kuyumba, kila moja na lake, sauti inafifia. Sisi tunapima kufifia kule, tunajua joto."

Nikafikiria wabebaji wa Gikomba. Asubuhi na baridi, msimamizi akiita, wote wanainuka pamoja. Saa saba jua likiwa kali, anaita huyu ameinuka, yule anafunga kamba ya kiatu, mwingine anamtafuta muuza uji. Ukisikiliza mwitikio tu, bila kutazama angani, unaweza kujua jua limefika wapi. Nikamwambia Achieng hivyo. Akacheka, lakini nilimwona akiandika.

Taabu ni kwamba sauti ya chembe ni ndogo, na ile sumaku inayoziamsha ina kelele. Kwa hiyo koili ya kusikiliza husukwa nusu mbili kwa waya mmoja usiokatika. Nusu ya juu inazungushwa kulia, ya chini kushoto. Kelele inaingia kote kuwili, nusu hii inasema ndiyo, ile inasema hapana, zinafutana. Kinachobaki ni sauti ya chembe peke yake, kwa kuwa nyama inakaa karibu na nusu moja tu. Mchoro ulisema sitini juu na sitini chini. Niliisuka kwa siku mbili. Nikaipaka ile gundi inayoganda kama jiwe. Profesa aliigeuza mkononi akaniita msanii. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Na hapo mdomo wangu ukaanza kazi.

Mzee Wambua alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mjane wake, Mama Nduku, alikuwa bado anakaa Makongeni, na nilikuwa nikipita kumwona kila Jumapili baada ya kanisa. Mzee alimwachia redio, sanduku la koleo na mbwa aliyeitwa Sajini, jibwa la rangi ya matope lenye sikio moja lililokatika, ambalo halikuwahi kunipenda. Jumapili ile nilimkuta Sajini amelala mlangoni, mguu wa nyuma umevimba juu ya goti, ukubwa wa chungwa. Daktari wa mifugo alikuwa ameshapima. Ni saratani, na mguu ukatwe.

"Huyu ndiye anayenilinda, Baba Nekesa," Mama Nduku akaniambia. Nekesa ni binti yangu wa kwanza. "Mbwa wa miguu mitatu atamtisha nani hapa?"

"Mama, usikate. Kuna mashine. Nimeisuka kwa mkono huu."

Akautazama mkono wangu. "Mkono wa nani huo?"

"Wa Mzee Wambua, mama."

"Basi mimi naleta mbwa wangu."

Kumbe Profesa alikuwa tayari anatafuta ruhusa ya kuanza na mbwa wagonjwa kabla ya kufikiria binadamu. Karatasi zilipita kamati, Mama Nduku akatia sahihi, daktari wa mifugo akakubali kungoja. Lakini alitupa kikomo. "Huu uvimbe unakula kuelekea mfupa," alisema. "Nawapa wiki sita. Ijumaa ya mwisho, kama hamjaanza, Jumatatu nakata." Kwa hiyo mguu wa Sajini ukawa juu yetu. Juu yangu zaidi, maana mimi ndiye niliyekwenda kuahidi.

Tulianza kujaribu na maini ya ng'ombe, tukiyadunga chembe, tukiyapasha joto, huku uzi wa kioo umechomekwa ndani ili tulinganishe. (Maini yale hayaliwi baadaye. Yamejaa chuma. Jambo hili liliwaumiza wengi pale kuliko walivyokubali kusema.) Dakika kumi za kwanza, koili na uzi vilikwenda pamoja vizuri. Halafu koili ikaanza kubaki nyuma. Uzi ulisema digrii arubaini na tatu, koili arubaini na moja. Uzi ukasema arubaini na sita, koili arubaini na mbili. Tukikata maini katikati tunakuta yameiva.

Fikirieni mguu wa mbwa badala ya maini.

Profesa alishuku chembe, kwamba zinagandana. Zikaletwa nyingine, mambo yakawa yaleyale. Kisha akashuku hesabu, na hesabu zilikuwa za Achieng. Alizirudia mara tatu. Niliona uso wake ukipungua wiki baada ya wiki. Siku moja alikuja kwenye meza yangu.

"Fundi, nusu zote mbili ziko sawa? Kabisa?"

"Sitini na sitini."

"Una hakika?"

"Wewe mtoto, mimi nimesuka mota kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Sitini na sitini!"

Na sikuwa nadanganya. Hilo ndilo mnalopaswa kulielewa. Ningeapa kanisani. Kwangu mimi mizunguko ya kufungia haikuwa mizunguko. Ilikuwa kama kupangusa mikono.

Wiki ya tano pampu ya maji inayopooza ile koili kubwa ikaungua mota. Nikaisuka pale pale karakanani, kazi ya nusu siku. Nikafika mwisho wa hesabu, na nilipokuwa nakaribia kukata waya nikauona mkono wangu ukizunguka. Mmoja. Wa pili. Nikaganda na koleo hewani.

Niliiendea ile koili ndogo kwenye kabati, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya gundi, mwisho wa nusu ya chini, ilikuwa pale. Miwili. Imelala vizuri sana.

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, bila shahada. Nusu ya chini ilikuwa inapiga kelele kuliko ya juu. Mwanzoni Achieng aliyaona mabaki kidogo ya kelele hiyo, akayafuta kwa kompyuta kabla ya kuanza, kama muuza viazi anavyorudisha mizani kwenye sufuri. Lakini koili kubwa ikipata moto kelele inabadilika, mabaki nayo yanabadilika, na mizani iliyorudishwa asubuhi haifai tena mchana. Mashine nzima ilikuwa inasikiliza mizunguko yangu miwili na kuiita joto la nyama.

Ilikuwa Ijumaa. Nilirudisha koili kabatini nikaenda nyumbani.

Jumamosi sikusema. Jumapili sikwenda Makongeni. Jumatatu Profesa alitukusanya akasema muda umeisha. Kwa kuwa koili inasoma chini, tutaongeza digrii nne kwenye jibu, tuendelee na mbwa. Achieng akasimama. "Profesa, haibaki nyuma sawasawa kila siku. Leo nne, kesho mbili, keshokutwa sita. Tutamchoma." Profesa akamjibu taratibu kwamba pengine ni wakati hesabu zipewe mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, nikitazama koti langu lenye mikono mifupi. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa Makongeni habari ya mashine yangu. Nilikuwa nimewaambia hata watu wa kanisa. Ulimi uligoma.

Jumatano asubuhi nilimkuta Achieng peke yake.

"Hesabu zako ziko sawa," nikamwambia.

"Asante, Fundi. Lakini wewe huzijui."

"Sizijui. Ziko sawa."

Akavua miwani. "Unasemaje?"

"Nusu ya chini ina sitini na miwili."

"Si ulisema sitini na sitini?"

"Ni sitini na sitini. Na miwili ya kufungia."

"Ya kufungia nini?"

"Kazi."

 Achieng akaweka paji la uso juu ya meza, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Alipoinuka nikaona ni vyote viwili.

"Aki Fundi. Wiki tano! Wiki tano najiona mjinga. Umejua lini?"

"Ijumaa."

"Na leo ni Jumatano."

"Najua leo ni siku gani."

"Na juzi nikitolewa rangi mbele ya watu, ulikuwa umekaa pale?"

"Karibu na mlango."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Twende kwa Profesa," na akatangulia. Kwa Profesa niliyarudia yote nikiwa nimesimama. Naye hakupandisha sauti. Aliuliza kama koili inaweza kufumuliwa. Nikamwambia gundi ile haifumuliki, ni kuivunja na kusuka nyingine.

"Kabla ya Ijumaa?"

"Nasuka leo, mchana na usiku. Gundi inataka siku nzima. Ijumaa asubuhi tunajaribu maini."

"Basi mbona umesimama?" Kisha, nikiwa mlangoni: "Fundi, Achieng atakaa nawe. Atahesabu yeye."

Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kunihesabia. Nilikaa kwenye mashine na shingo imekuwa ngumu. Lakini kuna jingine ambalo nilikuwa sijamwambia mtu: macho. Waya ule nilikuwa naanza kuupoteza. Baada ya mizunguko thelathini ulikuwa unageuka ukungu, nikawa nausikiliza kwa kidole gumba. Achieng alihesabu kwa sauti, taratibu, kama mwalimu wa chekechea, na mimi nikazungusha. Tulipofika sitini ya pili mkono ulijongea wenyewe. Aliushika kwenye kifundo.

"Sitini, Fundi."

"Najua."

"Mkono haujui."

Akakata waya yeye mwenyewe.

Ijumaa asubuhi maini yalipashwa joto kwa saa nzima, koili na uzi vikatembea pamoja mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tumechoka. Achieng alienda kuosha uso, na mchana Mama Nduku akafika na Sajini amefungwa kamba ya katani. Hata akiwa mgonjwa alinitolea meno.

Alilazwa kwa dawa, mguu ukanyolewa, chembe zikadungwa, uzi wa kioo ukachomekwa. Mama Nduku alikaa nje kwenye benchi na kibeti chake mapajani. Joto likapanda. Arubaini. Arubaini na moja. Koili na uzi, sawa kwa sawa. Halafu Sajini, akiwa usingizini, akarusha mguu kidogo, kama mbwa anayeota anakimbiza mtu. Pengine alikuwa ananikimbiza mimi.

Baada ya hapo uzi ukasema arubaini na moja. Koili ikasema arubaini na tatu. Kisha uzi arubaini na nusu, koili karibu arubaini na nne.

Chumba kizima kilijua picha ile. Tuliitazama wiki tano, ila sasa uzi ndio uliobaki nyuma.

"Uzi unasema joto linashuka," daktari wa mifugo akasema. "Ongezeni."

Profesa alikuwa ameshika kitufe. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Fundi?"

"Sitini na sitini," nikasema. "Achieng alihesabu."

"Achieng?"

"Nilikata waya mimi. Punguza."

Profesa akapunguza. Daktari akainama juu ya mguu, akagusa uzi kwa kibano. Ulikuwa umeteleza ukatoka, ncha yake imelala chini ya ngozi tu, inapoozwa na ubaridi wa chumba. Ndani, joto lilikuwa pale koili iliposema. Tungeongeza, tungempika mguu mpaka kwenye mfupa, kwa mashine yangu, mbwa wa mtu aliyenifundisha kazi.

Nilitoka nje nikakaa kando ya Mama Nduku. 

"Vipi?" akauliza.

"Sawa tu."

Sajini alirudishwa mara kadhaa baada ya hapo. Mguu haukukatwa. Daktari hasemi amepona. Anasema uvimbe umelala, na yeye ni mtu wa kuchagua maneno. Sajini anachechemea. Watu wa Makongeni bado wanapita upande wa pili wa njia, kwa hiyo kazi anaifanya.

Nilichukua muda kumweleza Mama Nduku habari ya ile miwili. Nilidhani nitakuwa namsema vibaya marehemu. Jumapili moja, chai imeshamiminwa kikombeni, nikamweleza yote, mizunguko ya kufungia, mota kukaa baridi, wiki tano. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Alikuambia ni ya mota kukaa baridi? Huyo mzee!"

"Kwani ilikuwa ya nini?"

"Ya macho, Baba Nekesa. Macho yalianza kumchezea angali kule reli. Akifika hamsini na kitu anapotea. Mara moja alipunguza bila kujua, mota ikaungua, akaitwa mwongo mbele ya wenzake. Mwongo, Wambua! Tangu siku hiyo akawa anaongeza miwili, ili kama amepotea, asipungukiwe." Akapangusa machozi ya kicheko. "Alikuwa anaogopa tu. Wewe ukaifanya dini."

Nimefundisha mafundi wengi Gikomba na Industrial Area. Wote niliwaambia wafunge kwa miwili, na wote niliwaambia wasiniulize. Sijui ni mota ngapi zinazunguka leo mjini hapa na woga wa Mzee Wambua umesukwa ndani. Angalau zinakaa baridi.

Mnaniuliza kwa nini naondoka na umri wangu si wa kuondoka. Mwezi uliopita nilikuwa nasuka koili ya akiba, ile mliyoiona kwenye kabati la kioo. Nilisema nitahesabu mwenyewe, na Achieng aliniachia, akakaa pembeni na kazi yake. Nikafika sitini ya pili. Nikasimama. Na nikasikia tena, vidoleni, hamu ya ile miwili. Lakini safari hii haikuwa mazoea. Sikuwa na hakika.

"Achieng," nikamwita. "Hebu nihesabie."

Aliinama na kioo chake cha kukuzia, akapita na ncha ya sindano, midomo ikitembea. Akafika mwisho, akarudi, akahesabu tena.

"Hamsini na tisa, Fundi."

Nikaweka koleo mezani.  Achieng alivuta stuli yake karibu na yangu, akaushika mwisho wa waya, akaongeza mmoja, akakata.